Mwongozo kamili: kupima barabara ya lami bila kuifukua, na kuamua cha kufanya kwa kila kipande

Makosa ni yaleyale. Mashine ya kupima uimara wa barabara inakodiwa, trela inapita siku mbili tatu, faili la Excel linaletwa likiwa na mistari mia tatu. Kisha mtu anachukua safu moja tu, anajumlisha, anagawanya, anapata wastani, na kuagiza tabaka jipya la lami la milimita 50 kutoka mwanzo wa barabara hadi mwisho. Masika ya kwanza ikipita, nyufa zimerudi palepale zilipokuwa.

Mashine haikukosea. Namba moja iliulizwa swali isiloweza kulijibu. Vipimo hivi vina uwezo wa kukuambia ni tabaka lipi linaumwa, na linaumwa kuanzia wapi hadi wapi. Ukitoka na wastani mmoja wa barabara nzima, pesa ya kukodi mashine umeitupa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mafundi sanifu na wahandisi wa mikoa na wilaya. Mifano yangu ni ya Tanzania, lakini mwenzangu wa Kenya au Uganda ataifuata bila shida. Na tuelewane mapema: "bila kuifukua" hakumaanishi kwamba hutatoboa tundu hata moja. Utatoboa machache, tena mwishoni, mahali vipimo vitakapokuelekeza.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka ofisini

- Mashine ya mzigo unaodondoka, inayojulikana kazini kwa herufi zake tu, FWD. Iwe na pleti ya kipenyo cha milimita 300 na vihisi visivyopungua saba. Kama haipatikani, boriti ya Benkelman, mkono mrefu wenye geji unaosoma barabara imebonyea kiasi gani chini ya tairi, na lori lake.
- Rada ya ardhini, ikipatikana. Isipopatikana, michoro ya ujenzi na mashine ya kukata vipande vya duara kwenye lami.
- Rula ya chuma iliyonyooka ya mita 2 na kabari yenye alama za milimita.
- Kifaa cha kupima mtikisiko wa barabara, hata cha kufunga kwenye gari la kawaida.
- Kipimajoto cha kuchomeka ndani ya lami, drili ndogo, na chupa ya gliserini.
- DCP, ile fimbo ya kupigilia ardhini kupima ugumu wa matabaka: nyundo ya kilo 8 inayoanguka milimita 575.
- Futi ya gurudumu, rangi ya kupulizia, GPS, daftari.
- Koni, vibao vya tahadhari, vizibao vya kung'aa, na washika bendera wawili waliofundishwa. Mashine ya FWD husimama katikati ya njia kama dakika moja kila pointi, na dereva wa basi la mikoani hakutarajii.
- Kumbukumbu za barabara: mwaka wa ujenzi, aina ya msingi (tabaka lililo chini ya lami), marekebisho yaliyofanyika, hesabu za magari, taarifa za mizani.

Katika orodha hii yote, kinachosahaulika zaidi ni kumbukumbu. Kinachogharimu zaidi ukikisahau ni kujua aina ya msingi. Nitakirudia.

## Hatua ya 1: Itembee barabara kwa miguu

Kabla ya mashine yoyote, tembea. Chora barabara kwenye karatasi ndefu, kilomita kwa kilomita, uweke kila unachokiona: nyufa za ngozi ya mamba, nyufa ndefu, viraka, mahali palipotitia, lami iliyochuruzika juu, kokoto zilizong'oka, kingo zilizomegeka.

Kisha inua macho, maana nusu ya majibu iko nje ya lami. Mtaro upo? Maji yanatembea au yamesimama? Kalavati limeziba? Bega la barabara liko juu kuliko lami, kiasi cha kuzuia maji yasitoke? Wapi barabara inaingia kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi? Wapi imekatiza shamba la mpunga?

Sababu: namba za mashine bila mchoro huu ni namba za yatima. Ukiona mbonyeo mkubwa, yaani barabara inazama sana chini ya mzigo wa mashine, kwenye kilomita ya 7, lazima uweze kusema papo hapo kuna nini pale.

Umefaulu ikiwa mtu ambaye hajafika kwenye barabara hiyo anaweza kuutazama mchoro wako na kuonyesha kwa kidole sehemu tatu anazozitilia shaka.

## Hatua ya 2: Chagua majira na upange pointi

Pima barabara ikiwa katika hali yake mbaya, yaani wiki chache baada ya mvua kubwa. Pwani na kaskazini hiyo ni mwishoni mwa masika. Dodoma na Singida, kwenye msimu mmoja wa mvua, ni kuelekea Aprili. Udongo mkavu wa Septemba hudanganya: mfinyanzi uliokauka hushika kama zege, mashine inatoa namba nzuri, na wewe unaondoka ukiwa na furaha isiyo na msingi. Kama ratiba imekulazimisha kupima kiangazi, andika hivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti kwa herufi kubwa.

Nafasi kati ya pointi hutegemea swali. Kama unataka tu kujua barabara ipi ya mkoa ianze kushughulikiwa, mita 250 hadi 500 zinatosha. Kama unaandaa kazi yenyewe, pima kila mita 100 kwa kila njia, na upishanishe: upande wa kushoto kwenye 0, 100, 200, wa kulia kwenye 50, 150, 250. Mahali ulipopatilia shaka kwenye mchoro, kaza hadi mita 25 au 50.

Pima kwenye mkondo wa tairi la nje, kama sentimita 60 hadi 90 kutoka ukingo wa lami. Huko ndiko maji huingilia na ndiko lori hukanyaga.

Usipime upande mmoja ukadhani umepima barabara. Kwenye barabara za mizigo, njia ya kwenda na ya kurudi hazibebi uzito sawa.

## Hatua ya 3: Pima uso, lakini usiuamini peke yake

Laza rula ya mita 2 kukatiza njia, ingiza kabari kwenye bonde la tairi, soma kina. Fanya hivyo kwa mikondo yote miwili, kila mita 100. Chini ya milimita 10 mimi sisumbuki. Kati ya 10 na 20 nauliza chanzo. Zaidi ya 20, maji yanatuama na gari linateleza; hapo ni suala la usalama, usisubiri ripoti.

Mtikisiko hupimwa kwa mita kwa kilomita. Lami mpya iliyolazwa vizuri huwa karibu na 2. Ikipita 6, abiria wanalalamika. Programu za simu zinazokadiria mtikisiko zinafaa kwa mchujo wa awali, mradi uzilinganishe kwanza na kifaa cha kweli kwenye vipande viwili vitatu, kwa gari lilelile na tairi zenye upepo uleule.

Tahadhari: mtikisiko unakuambia safari ikoje, haukuambii nguvu. Nimeona barabara laini kama meza iliyokuwa imeoza chini, na nyingine yenye viraka vya kutikisa meno ambayo msingi wake ulikuwa mzima kabisa. Anayechagua barabara za kujengwa upya kwa kipimo cha mtikisiko peke yake atajenga upya zile nzima.

## Hatua ya 4: Jua unene wa matabaka

Hesabu zozote za nguvu za tabaka zinataka unene wake. Ukikosea unene, nguvu inakosewa zaidi.

Rada hutuma wimbi chini na kupima muda wa kurudi. Kasi ya wimbi hutegemea tabia ya umeme ya lami, na hapo ndipo watu hujikwaa. Tuseme wimbi limechukua nanosekunde 1.6 kwenda na kurudi. Ukichukua thamani ya tabia hiyo kuwa 6 kwa lami, unapata unene wa milimita 98. Lami ileile ukiichukulia 5, unapata 107. Tofauti ya karibu sentimita moja, na hujagusa kitu. Kwa hiyo kata walau kipande kimoja cha duara kwa kila aina ya barabara, pima kwa rula, rekebisha rada ifuate ukweli. Antena ya gigahezi 1 hadi 2 inatosha kwa matabaka ya juu. Mfinyanzi uliolowa humeza wimbi, usitegemee kuona chini yake.

Barabara nyingi zetu si za zege la lami nene bali za lami ya kokoto, zile za kumwaga lami, kumwaga kokoto, kushindilia na kurudia. Tabaka hilo halifiki milimita 30 na rada haitaliona kama tabaka linalojitegemea. Usihangaike nalo, tafuta unene wa msingi.

Umefaulu ikiwa kwa kila pointi ya FWD una unene wa lami na wa msingi ulioandikwa pembeni, na unajua kama msingi ni kokoto tupu au uliochanganywa na saruji. Kwenye michoro ya Tanzania ukiona C1 au C2, hiyo ni saruji.

## Hatua ya 5: Dondosha mzigo

FWD huangusha uzito kwenye pleti, na pleti huisukuma barabara kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, takriban kama tairi la lori linalopita mbio. Vihisi vilivyopangwa kwa mstari husoma barabara imebonyea kiasi gani chini ya pleti na mbali nayo. Umbo linalopatikana ni kama bakuli: kina kirefu katikati, kinapungua kuelekea nje.

Mzigo wa kawaida ni kilonewtoni 40, nusu ya ekseli ya tani 8.2. Vihisi viwe walau kwenye milimita 0, 300, 600 na 900, pamoja na vingine vya mbali zaidi hadi 1,500 au 1,800.

Fuata utaratibu huu kila pointi:

1. Fagia kokoto zilizolegea. Pleti ikikaa juu ya jiwe moja, unapima jiwe.
2. Dondosha mara moja ya kuikalisha pleti. Hiyo usiihesabu.
3. Dondosha mara tatu. Mimi hukubali tofauti ya hadi asilimia 3 baina yao; ikizidi, nyanyua pleti, sogea nusu mita, anza upya.
4. Tazama kioo cha kompyuta kabla hujaondoka. Mbonyeo lazima upungue kila unapokwenda mbali. Kihisi cha 600 kikisoma zaidi ya cha 300, ama kihisi hakijagusa chini au kuna ufa katikati.
5. Andika kitu chochote ulichokiona: "ufa mita moja mbele", "kalavati chini", "kiraka kipya".

Joto la lami lipime kila saa moja hadi mbili. Toboa kitundu chenye kina cha milimita 40, tone la gliserini ndani, subiri kama dakika kumi joto la drili lipoe, ndipo usome. Kwenye lami nene, asubuhi na saa nane mchana ni barabara mbili tofauti. Lami ikipita nyuzi 40 mimi husimamisha kazi, watu wakale. Kwenye lami ya kokoto joto halina uzito, kwa sababu tabaka ni jembamba mno kuchangia nguvu, endelea.

### Kama huna FWD

Boriti ya Benkelman bado ni kifaa cha heshima. Unataka lori lenye ekseli ya nyuma ya tani 8.2, tairi pacha, upepo wa psi 80. Pima ekseli kwenye mizani. Usikubali neno la dereva. Ingiza ncha ya boriti katikati ya tairi pacha, soma geji, lori lisogee mbele polepole, soma likiwa mita 2.7 mbele na tena likiwa mita 9. Kwa boriti ya kawaida yenye uwiano wa mbili kwa moja, zidisha tofauti ya masomo mara mbili.

Ikiwa somo la mita 2.7 na la mita 9 vinatofautiana kwa zaidi ya milimita 0.025, miguu ya boriti ilikuwa imekaa ndani ya bakuli na namba yako imepungua. Inahitaji kusahihishwa.

Boriti inakupa kina cha katikati tu. Itakusaidia sana kwenye hatua ya 7, lakini kwa hatua ya 8 itabidi utegemee DCP zaidi. Na usigeuze namba za Benkelman kuwa za FWD kwa kuzidisha na namba uliyookota mahali. Lori linalotambaa na mzigo unaogonga haviisukumi barabara kwa namna moja.

## Hatua ya 6: Safisha takwimu

Mzigo hauangukii kilonewtoni 40 kamili kila mara. Zidisha kila mbonyeo kwa 40, gawanya kwa mzigo halisi wa pointi hiyo. Wengine hupima kwa 50 kwa kuwa sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 10 kwa ekseli yenye tairi nne. Ni sawa, ila rudisha kwenye 40 kabla ya kulinganisha na viwango nitakavyotaja.

Ondoa pointi zilizokaa juu ya kalavati au daraja. Ondoa bakuli zenye umbo lisilowezekana. Usiondoe pointi kwa kuwa tu ni mbaya kuliko jirani zake. Pointi mbaya ndizo ulizozifuata.

## Hatua ya 7: Ikate barabara vipande

Hapa ndipo mtu huokoa au huchoma pesa, kwa hiyo twende taratibu kwa mfano wa kujitungia. Chukua kilomita 1.1, pointi 12, mbonyeo wa katikati kwa mikroni, yaani sehemu za elfu za milimita (0+400 ni kilomita 0 na mita 400):

| Mahali | Mbonyeo | Tofauti na wastani | Jumla inayosonga |
|---|---|---|---|
| 0+000 | 380 | −170 | −170 |
| 0+100 | 420 | −130 | −300 |
| 0+200 | 360 | −190 | −490 |
| 0+300 | 400 | −150 | −640 |
| 0+400 | 440 | −110 | −750 |
| 0+500 | 820 | +270 | −480 |
| 0+600 | 910 | +360 | −120 |
| 0+700 | 780 | +230 | +110 |
| 0+800 | 870 | +320 | +430 |
| 0+900 | 410 | −140 | +290 |
| 1+000 | 390 | −160 | +130 |
| 1+100 | 420 | −130 | 0 |

Wastani wa zote ni 550. Sasa itafute 550 kwenye orodha. Haipo. Hakuna hata pointi moja iliyo karibu nayo. Huo wastani ni barabara ambayo haijajengwa popote duniani, na ndiyo watu wanaoisanifia.

Fanya hivi: toa wastani kwenye kila pointi, kisha jumlisha tofauti hizo moja baada ya nyingine ukishuka. Chora safu ya mwisho kama grafu. Mstari ukishuka, uko kwenye kipande chenye nguvu kuliko wastani. Ukipanda, uko kwenye kipande dhaifu. Mahali unapogeuka ndipo mpaka ulipo. Hapa unageuka baada ya 0+400 na baada ya 0+800.

Kwa hiyo una vipande vitatu: cha kwanza wastani 400, cha katikati 845, cha mwisho 407. Cha kwanza na cha mwisho ni barabara moja. Cha katikati ni mgonjwa, na urefu wake ni kama mita 400.

Chukua sasa ule mchoro wa hatua ya 1, uuweke chini ya grafu. Mipaka ikiangukia kwenye kitu unachokijua, mfano mwanzo wa bonde lenye udongo mweusi, uko njia sahihi. Usipoona sababu, rudi barabarani kabla ya kuendelea.

Kwa usanifu wa kila kipande usitumie wastani wake pia, maana nusu ya kipande ni dhaifu kuliko wastani. Tumia thamani ambayo asilimia 90 ya pointi ziko chini yake. Na usikate vipande vifupi mno. Mkandarasi hawezi kubadilisha kazi kila mita 60.

Umefaulu ikiwa kila kipande kina pointi zinazofanana, na unaweza kusema kwa sentensi moja kwa nini kinatofautiana na jirani yake.

## Hatua ya 8: Soma bakuli, usisome kina peke yake

Vihisi vya karibu na pleti vinaathiriwa na matabaka yote. Vya mbali vinaathiriwa na udongo wa chini tu. Kwa hiyo toa kimoja kwa kingine:

- Tofauti ya juu: kihisi cha 0 toa cha 300. Inasema habari za lami na msingi.
- Tofauti ya kati: cha 300 toa cha 600. Inasema habari za tabaka lililo chini ya msingi.
- Tofauti ya chini: cha 600 toa cha 900. Inasema habari za udongo.

Wahandisi wa Afrika Kusini wana viwango vya rangi kwa tofauti hizi, na hali yetu ya matabaka inakaribiana na yao. Kwa msingi wa kokoto, mzigo wa kilonewtoni 40, kwa mikroni:

| | Nzima | Tahadhari | Mbaya |
|---|---|---|---|
| Katikati | chini ya 500 | 500–750 | zaidi ya 750 |
| Juu | chini ya 200 | 200–400 | zaidi ya 400 |
| Kati | chini ya 100 | 100–200 | zaidi ya 200 |
| Chini | chini ya 50 | 50–100 | zaidi ya 100 |

Tazama pointi mbili, zote zina 910 katikati.

Ya kwanza inasoma 910, 560, 330, 210. Tofauti zake ni 350, 230, 120. Juu ni tahadhari. Kati na chini ni mbaya. Mgonjwa hapa ni udongo na tabaka lililoukalia.

Ya pili inasoma 910, 280, 160, 115. Tofauti zake ni 630, 120, 45. Udongo ni mzima, kati panataka kuangaliwa, lakini msingi umevunjika.

Kuna ukaguzi wa haraka wa kuthibitisha: gawanya 12.4 kwa mbonyeo wa kihisi cha 900 ukiwa kwenye milimita. Jibu ni makadirio ya ugumu wa udongo kwa megapaskali. Ya kwanza inatoa 59, ya pili 108. Usitumie namba hizo kusanifu. Zitumie kulinganisha vipande.

Mtu aliyesoma 910 tu angezipa pointi hizi mbili dawa moja.

Tahadhari kubwa: jedwali hilo ni la msingi wa kokoto. Msingi wa saruji ukiwa mzima hubonyea chini ya mikroni 200 katikati. Kati ya 200 na 400 tayari ni tahadhari, na zaidi ya 400 ni mbaya. Sasa fikiria una barabara ya C2 inayosoma 420. Kwa jedwali la kokoto ni nzima, unaipongeza. Kwa ukweli wake saruji imeshapasukapasuka. Hili ndilo kosa la pili kwa wingi ninaloliona, na ndiyo sababu nilisema uulize aina ya msingi kabla hujatoka ofisini.

## Hatua ya 9: Toboa pachache, kwa makusudi

Kila kipande kigonjwa kipatie matundu mawili ya DCP, na kipande kizima kimoja cha kulinganisha. Pigilia kwenye pointi ileile ya FWD. Soma milimita kwa pigo, ugeuze kuwa CBR, kipimo cha nguvu ya udongo kwa asilimia: 5 ni takriban CBR 55, 10 ni 26, 20 ni 13, 40 ni 6. Msingi wa saruji utobolewe kwanza kwa drili, la sivyo utapinda fimbo.

Chukua udongo kidogo kwa ajili ya kupima unyevu. Mara nyingi jibu liko hapo: kipande kizima na kigonjwa vina udongo uleule, tofauti ni maji.

Ziba matundu vizuri. Tundu la DCP lililoachwa wazi ni shimo la mwakani.

## Hatua ya 10: Amua kipande kwa kipande

Bakuli zima (namba zote ziko kwenye safu ya "Nzima"), uso umechakaa. Lami imekauka, nyufa nyembamba, kokoto zinang'oka. Ziba nyufa, mwaga lami ya kokoto mpya. Fanya hivi mapema. Hiki ndicho kipande kinachoachwa kwa sababu "bado kinapitika", na ndicho ambacho shilingi yako inafanya kazi zaidi.

Bakuli zima, mabonde ya tairi ni makubwa. Lami yenyewe inatiririka. Hutokea kwenye miinuko ambako malori hupanda taratibu, kama Kitonga kule Iringa, na kwenye mizani na makutano. Kuongeza tabaka juu ni kuongeza nyama kwenye kitu laini. Litafuata mkondo uleule. Kwangua lami mbovu, weka mchanganyiko mgumu zaidi.

Juu mbaya, chini pazima. Msingi ndio uliokufa. Tifua msingi pamoja na lami yake, changanya na saruji kidogo au lami, shindilia, funika upya. Tabaka la milimita 50 juu ya msingi uliovunjika litapasuka kwa kufuata nyufa za chini.

Chini pabaya. Kamata koleo kwanza. Fungua mitaro, zibua makalavati, shusha mabega. Kama bajeti na usalama vinaruhusu, ziba nyufa, acha msimu mmoja wa mvua upite, kisha pima tena. Namba zikishuka, umeokoa pesa ya kujenga upya. Zisiposhuka, udongo ubadilishwe au uinuliwe, na hilo si tena suala la matengenezo bali la ujenzi. Lipeleke linakohusika likiwa na ushahidi.

Tahadhari kila mahali, nyufa bado chache. Barabara imeanza kuzidiwa na magari. Hapa, na si kwingine, ndipo tabaka jipya la lami juu lina kazi yake. Unene wake upigiwe hesabu kwa magari yajayo, usinakiliwe kutoka mradi wa jirani.

Kwenye mfano wetu wa kilomita 1.1, ikiwa bakuli zinafanana na ile pointi ya kwanza, kazi ni mitaro na matibabu ya mita 400 za katikati, na lami ya kokoto nyepesi kwa zilizobaki.

## Hatua ya 11: Rudi na mashine

Pointi zako zote ziwe na GPS na alama ya rangi ukingoni. Pima tena miezi michache baada ya kazi, na tena baada ya masika ya kwanza, kwenye pointi zilezile. Weka mafaili ghafi pamoja na ripoti. Ripoti peke yake haifunguki tena kuwa namba.

Ukikuta kipande cha mitaro kimeshuka kutoka 845 hadi, tuseme, 600, halafu mwaka unaofuata kimerudi 800, usiite mkandarasi bado. Nenda kaangalie kalavati. Kuna uwezekano mkubwa limeziba tena.